Mtoto Mtulivu wa Bi. Raya

Mtoto anayelia hajawahi kunitisha. Anayelia ana nguvu za kulia na ana neno la kusema. Kazi yako ni kulitafuta neno lenyewe. Katika miaka yangu yote ya ukunga na ya kuwatembelea wazazi majumbani, aliyenifanya nivue viatu kwa haraka mlangoni ni yule ambaye nikiuliza habari zake naambiwa, "Alhamdulillahi, mtulivu, wala halii."

Nimestaafu mwaka huu. Rukia, ambaye amerithi mitaa yangu pamoja na mkoba wangu, aliniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza yale ambayo hayamo kwenye vitabu vya skuli ya uuguzi. Nilimwambia kwamba karibu yote yamo, ila watu huyasoma kabla ya mtihani na kuyaacha palepale kwenye chumba cha mtihani. Hata hivyo nimekaa kuandika. Vyeo na uhamisho nitaviruka, maana sijaona cheo kilichomsaidia mtoto kunyonya.

Nilianzia Jambiani, kwenye kituo kidogo cha afya kilichokuwa chini ya Bi. Raya. Alikuwa mkunga mrefu, mwembamba, wa maneno machache, na saa yake ya mkono akiivaa kioo kikiwa upande wa ndani ili kisimkwaruze mtoto. Siku yangu ya kwanza alinipakatisha mtoto aliyezaliwa juzi yake, akaniuliza, "Ana kilo ngapi?"

Nikageuka kuitafuta mizani.

"Sikukwambia upime. Nimekuuliza ana kilo ngapi."

Nikasema tatu na nusu. Akamvua mtoto nguo zote, akatandika kanga kwenye mizani, akaurudisha mshale kwenye sifuri, ndipo akamlaza. Hakufika hata tatu. "Umepima nguo," akaniambia. Tangu siku hiyo kila mtoto nilimkisia kwanza, kisha nikampima, na mkono ukazoea. Lakini hata mkono ulipozoea, mizani sikuiacha, kwa sababu Bi. Raya mwenyewe hakuiacha.

Aliyonifundisha pale ndiyo niliyoyatumia mpaka mwisho. Watoto wetu wengi huzaliwa na kilo tatu hivi, wengine wakapungua kidogo na wengine wakazidi, na mkubwa si lazima awe mzima kuliko mdogo. Ila aliye chini ya mbili na nusu, au aliyetangulia wakati wake, ana mambo yake: joto humtoka upesi, huchoka kunyonya kabla hajashiba, na hulala pale anapotakiwa kuamka. Kila mtoto hupungua uzito siku za mwanzo, na mama wakiona hivyo huingiwa na hofu. Waambieni ni kawaida, mradi upungufu usiwe mkubwa, kisha mhakikishe anapanda. Wiki mbili zikifika awe amerudi alikoanzia. Asiporudi, msikae mkangoja.

Kuhusu kunyonya, tumbo la mtoto wa siku moja ni kama gololi, halichukui kitu. Ndiyo maana hunyonya kidogo kidogo na kila mara, mara nane, kumi, hata zaidi, mchana na usiku, na mama hudhani maziwa yake hayatoshi kumbe mtoto anafanya kazi yake tu. Kuhusu kulala, hulala sehemu kubwa ya siku lakini kwa vipande vipande. Akianza kulala moja kwa moja wiki ya kwanza, bibi zake hufurahi. Mkunga hafurahi.

Jambiani hilo tuliliona sana kwa sababu ya kilimo cha mwani. Mama wengine hawakuwa na uwezo wa kungoja arobaini zao ziishe. Maji yakipwa hushuka pwani kufunga na kuvuna, mtoto akabaki na bibi yake. Maji yakijaa mama hurudi na kanga imelowa mpaka magotini, anamkuta mtoto amelala, naye kachoka, wote wawili wanalala. Bi. Raya alikuwa na maswali matatu kwa kila anayeingia. Amenyonya mara ngapi tangu jana? Amelowesha nepi ngapi? Na kuamka, huamka mwenyewe au mnamwamsha? Lile la tatu bibi wengi hawakulipenda.

Nakumbuka msichana mmoja mchanga aliyeletwa akiwa amelala kama jiwe. Bi. Raya akamvua, akampangusa nyayo kwa kitambaa kibichi, akamsugua mgongo, akamkamulia mama tone moja la maziwa na kulipaka kwenye midomo ya mtoto. Akaanza upya. Bibi wa mtoto akakasirika kwelikweli, akasema anamtesa mjukuu wake na kwamba wauguzi siku hizi hawana huruma. Bi. Raya aliendelea mpaka mtoto akapanua mdomo, akalishika titi, akameza kwa sauti. Ndipo akamgeukia yule bibi, akasema, "Haya, sasa nigombeze. Nina nafasi."

Miaka ilikwenda. Bi. Raya alistaafu akarudi nyumbani kwao Kiponda, nami nikahamishiwa mjini kuwatembelea wazazi wa Mji Mkongwe na mitaa ya jirani. Kila Idi nilikwenda kumsalimu, naye aliniuliza habari za watoto kama mwengine anavyouliza matokeo ya mpira.

Jambo ninalotaka mlijue lilitokea miaka michache iliyopita. Mjukuu wake, Sabra, ambaye yeye ndiye aliyemlea, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, wa kiume. Mumewe Sabra ni Haji, mtu wa Kizimkazi, anayewapeleka wageni baharini kutazama pomboo. Mtoto alitangulia wakati wake kidogo, akazaliwa spitali, uzito ukiwa chini ya kilo mbili na nusu, lakini mzima na ananyonya. Walipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani waliambiwa wamlete tena baada ya siku mbili atazamwe. Hawakumpeleka. Bi. Raya alisema, "Akatazamwe na nani, na mimi nipo?" Na kwa haki, nani angebisha? Mtaa ule ulijaa watu aliowapokea kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ile sikwenda kikazi. Nilikwenda baada ya Adhuhuri, nimechukua doti ya kanga na sabuni, kutoa hongera kama mtu yeyote. Mkoba na mizani yangu vilikuwa kazini.

Chumba cha mzazi kilikuwa ghorofani, kuta zake nene za mawe, na dirisha moja kubwa la mbao lililofungwa na kushushiwa pazia zito ili upepo usiingie. Udi ulikuwa unafuka. Taa ilikuwa ya ile balbu ya rangi ya chungwa, ambayo kila mtu chini yake huonekana ametoka harusini. Nikapiga hodi, Bi. Raya akanikaribisha huku ananitazama usoni, na uso wake ukiwa wa mtu anayemtazama mgeni. Nikatoa shikamoo.

"Marahaba," akasema, na uso ukafunguka. "Kumbe Asya. Karibu, mwanangu."

Nilidhani ni giza.

Mtoto alikuwa mapajani pake, amezongwa kanga, kofia ya sufi kichwani, nyusi zimetiwa wanja. "Muone," akaniambia. "Mtulivu huyu. Hatusumbui hata kidogo."

Maneno hayo yeye ndiye aliyenifundisha kutoyaamini.

Nikamgeukia Sabra. Alikuwa amekaa kitandani, mikono kaiweka mbali na kifua chake kama mwenye majipu, na kanzu yake mbele imelowa maziwa. "Matiti yanauma?" nikamuuliza.

"Yamekuwa mawe, Bi. Asya."

"Na mtoto ananyonya?"

Alimtazama bibi yake kwanza. "Ananyonya. Anashika kidogo, kisha analala."

"Huamka mwenyewe?"

Bi. Raya akajibu kwa niaba yake. "Mchanga kulala ni kawaida. Unauliza kama hujui."

"Najua, Bibi. Nnauliza tu."

Nikaomba nimpakate. Alikuwa mwepesi, na si wepesi wa mtoto mdogo, maana huo naujua. Ulikuwa wepesi wa kitu kilichopungua. Nikamfungua kanga. Nikauinua mkono wake nikauachia, ukaanguka juu ya tumbo bila kujikunja. Midomo ilikuwa imekauka. Nikamsugua wayo kwa kidole gumba. Akafungua macho nusu, akayafumba. Nikasugua tena, kwa nguvu zaidi. Safari hii hakuyafungua.

"Nepi umembadilisha saa ngapi?"

"Hii ya asubuhi," akasema Sabra kwa sauti ndogo. "Bado kavu."

Rangi yake sikuweza kuiona. Chini ya taa ile sote tulikuwa manjano, pamoja na mashuka. Simu yangu ina tochi, lakini tochi ya simu hubadilisha rangi ya ngozi, na mimi siiamini kwa kazi hiyo.

"Rangi yake vipi?" nikauliza, kama ninayeuliza jambo la kupita.

"Safi," akasema Bi. Raya. "Nshamtazama mimi asubuhi." Na huku akisema, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai kilichokuwa kwenye meza ndogo. Mkono ulipita pembeni ya kikombe, ukagusa ubao wa meza, ukarudi taratibu ukitambaa mpaka ukakuta mkono wa kikombe. Nikakumbuka alivyonitazama pale mlangoni. Nikajua kwamba asubuhi hakuona kitu. Na si asubuhi ile peke yake.

Nawaambieni, nimewahi kukabiliwa na damu isiyokatika na nimewahi kumzalisha mtu ndani ya gari kwenye barabara ya Mwanakwerekwe, magari yanapiga honi nyuma yetu. Sikuwahi kuogopa kama pale. Huyu ndiye aliyenifundisha namna ya kumshika mtoto, nami nilikuwa ndani ya nyumba yake, mbele ya mjukuu wake. Niliwaza nitunge jambo, niseme nampeleka nje nikampige picha. Lakini mtoto hakuwa na muda wa kungoja nimalize adabu zangu.

"Bibi," nikasema, "nataka dirisha lifunguliwe."

"La nini?"

"Nimuone kwa mwanga wa nje."

"Upepo utamdhuru."

"Nitamfunika."

"Asya." Alilitaja jina langu kama alivyokuwa akilitaja Jambiani nikikosea. "Kazi hii umefundishwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi nikikwambia mtoto mzima, ni mzima."

"Bibi, wewe hukukubali hata siku moja kuambiwa na mtu kwamba mtoto mzima. Ulitaka umuone mwenyewe. Na mimi ndivyo ninavyotaka."

Chini uchochoroni kulikuwa kunapita gari la mkono, magurudumu yakigonga mawe, na tulilisikia mpaka likapotea. Nilikuwa bado nimemshika mtoto, kidole changu kikiwa kifuani pake kuhisi pumzi. Kisha Sabra akateremka kitandani, akijishika chini ya tumbo kwa maumivu ya mishono, akaenda mwenyewe dirishani. Akalisogeza pazia, akaliondoa komeo, akasukuma mbao. Bi. Raya alimsikia. Hakumkataza.

Mwanga ulipoingia nilimsogeza mtoto palepale. Sabra akaanza kulia kabla sijasema neno, kwa sababu hata yeye aliona. Uso, kifua, tumbo, mapaja, vyote kama aliyepakwa bizari. Nikambonyeza kifuani kwa kidole nikakiondoa, na pale palipobonyea pakabaki manjano. Nikamfunua ukope kidogo. Jicho nalo manjano.

Bi. Raya alikuwa amesimama, amekuja mpaka ubavuni pangu. "Unaona nini?" akaniuliza.

"Manjano, Bibi."

"Mpaka wapi?"

"Imepita magoti. Nyayo zinaanza."

Akainama, uso wake ukakaribia kumgusa mtoto. Akaweka kidole chake kifuani kwa mtoto, akabonyeza, akakiondoa, akatazama. Akarudia. Nilimuona anavyokaza macho.

"Mimi namuona mweupe tu," akasema polepole. "Naona kama moshi. Tangu kabla ya Ramadhani naona moshi. Nilidhani ni uzee, nikasema nitauzoea."

Akajinyoosha, na alipojinyoosha nilimuona tena Bi. Raya wa Jambiani. "Sabra, nyamaza, kamua. Chukua kile kikombe kidogo. Asya, jaribu kumwamsha, lakini usimmiminie maziwa mtoto aliyelala, atapaliwa."

Nilikuwa nalijua hilo, lakini nilisema, "Naam, Bibi." Nikampangusa nyayo, nikamsugua mgongo, nikampaka tone kwenye midomo. Alilamba mara moja. Tone la pili likatiririka shavuni. Hapo nilimfunga nguo. Sikutaka kupoteza muda zaidi.

"Tunakwenda spitali sasa hivi," nikasema.

Sabra alinitazama kwa woga. "Arobaini zangu hazijafika hata nusu. Na Haji hayupo, yuko baharini na wageni, simu yake haipatikani. Kwao watasema nini?"

"Mimi ndiye niliyekufungia ndani," akasema Bi. Raya, "na mimi ndiye ninayekutoa. Nipeni buibui langu."

Gari haliingii Kiponda. Tulitakiwa kutembea mpaka barabarani, na safari ile ninayoweza kuimaliza bila ya kuhema ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda. Mtoto tulimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukamfunga kanga juu yake apate joto. Sabra alitembea hatua fupi, akiuma mdomo. Mkono wangu mmoja ulikuwa ndani ya kanga, umelala mgongoni pa mtoto kuhisi pumzi. Mkono wa pili aliushika Bi. Raya, na kwenye kila ngazi alikuwa akiniuliza kwa sauti ya chini, "Pumzi ipo?" nami namjibu, "Ipo." Mtu niliyemfuata nyuma miaka yote hiyo, sasa namwongoza kwenye mtaa aliozaliwa.

Wanawake waliokuwa barazani waliacha mazungumzo. "Jamani, mzazi anakwenda wapi?" mmoja akauliza.

"Spitali," akasema Bi. Raya. "Tupisheni."

Spitali walitupokea upesi. Daktari wa watoto alikuwa kijana mpole, akamlaza mtoto, akachukua damu, na huku anauliza maswali. Amenyonya lini mara ya mwisho? Amelowesha lini? Hali hii imeanza lini? Sabra alikuwa analia hawezi kujibu, nami nikafungua mdomo, lakini Bi. Raya akaniwahi.

"Hajanyonya sawasawa tangu juzi," akamwambia daktari. "Aliambiwa arudishwe kutazamwa, mimi nikakataa. Nilisema mtulivu. Mimi ni mkunga, na macho yangu hayaoni. Andika hivyo, usimwandike mama yake."

Yule daktari aliinua kichwa akamtazama. Kisha akasema, "Sawa, Bibi," akaandika.

Majibu yalipokuja hakutuficha. Manjano ilikuwa imepanda sana, karibu na kile kiwango ambacho mtoto hubadilishwa damu, na ikipanda zaidi inaweza kuingia kwenye ubongo. Watajaribu kwanza mwanga na maziwa, kisha watapima tena jioni. Mtoto akavuliwa, akafunikwa macho, akalazwa chini ya taa ya buluu, na maziwa ya mama yake yakapitishwa kwenye mpira mwembamba wa puani. Mama yake alikuwa na maziwa ya kumtosha mtoto mkubwa mara mbili. Siku zote hizo yalikuwepo, shubiri moja kutoka mdomoni mwake.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Haji alifika karibu na Magharibi, chumvi imekauka kwenye mikono ya shati lake. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa. "Nani aliyemtoa mke wangu nje bila ya kuniambia?" akauliza. "Na nani aliyemwacha mtoto mpaka akafika hivi?"

Bi. Raya akainua uso kuelekea sauti yake. "Wote wawili ni mimi. Nimemtoa mimi, na niliyechelewa kumtoa ni mimi vilevile. Ukitaka kugomba, gomba na mimi, niko hapa."

Haji alimtazama yule bibi kizee, ambaye macho yake yalikuwa yameelekea pembeni kidogo ya pale aliposimama yeye, na nadhani ndipo naye alipofahamu. Akakaa kwenye benchi karibu yake. Tukangoja pamoja mpaka daktari alipotoka.

"Haijapanda," daktari akasema. "Haijashuka vilevile. Tunaendelea."

Nimefanya kazi hii muda mrefu, lakini nimekuwa siku zote upande wa anayetoka kusema, si upande wa anayengoja kwenye benchi. Kama kuna jambo moja ningependa muondoke nalo, ni kwamba anayengoja husikia kila neno lenu na kulipima. Semeni kama alivyosema yule kijana. Hakutupa tumaini la bure, wala hakututisha.

Asubuhi yake nilirudi kabla ya kwenda kazini. Bi. Raya alikuwa palepale, amekataa kurudi nyumbani. Sabra alikuwa ndani, anamvua mtoto nepi ya kitambaa chini ya ile taa, na tulimuona akasita. Akatoka nayo mkononi, akaiweka kwenye viganja vya bibi yake.

"Shika, Bibi."

Bi. Raya aliishika kwa mikono miwili, akaiinua na kuishusha kidogo, kama aliyekuwa akipima. Mkojo ukamlowesha viganja. "Amelowesha," akasema. "Amelowesha sana." Akaendelea kuishika, haiweki chini, mpaka muuguzi wa zamu alipokuja kumwomba kwa upole ampe akaifue.

Kipimo cha mchana kilikuwa kimeshuka. Hawakumbadilisha damu. Walipomtoa kwenye mwanga aliamka mwenyewe kudai titi, na Sabra aliniambia kwamba kuanzia hapo hakuwapa usingizi hata robo ya usiku. Alilalamika kwa furaha. Baadaye alimpeleka kupimwa masikio, kwa kuwa manjano ikipanda huweza kuyaharibu, na akaonekana anasikia. Sasa anakwenda chekechea, na mama yake anasema kusikia anasikia, ila haambiliki.

Haji ndiye aliyempeleka Bi. Raya kwa daktari wa macho, na ndiye aliyemshika mkono siku ya kupasuliwa. Jicho moja lilirudi vizuri, la pili nusu. Bandeji ilipofunguliwa alimwita mtoto, akamtazama kwa muda, akasema, "Maskini, pua kachukua ya babu yake."

Lakini macho yale hayakumrudisha alipokuwa. Wanawake wa Kiponda waliendelea kuja mlangoni kwake na watoto wao wachanga, kama walivyozoea. Niliwahi kumkuta siku moja, mama kijana ameketi mbele yake na mtoto mikononi, anangoja kuambiwa neno. Bi. Raya alimpakata mtoto, akamwombea dua, akamrudisha. "Mzuri, mashaallah," akamwambia. "Lakini kumtazama, mpeleke kituoni leo. Mimi macho yangu si ya kutegemewa." Alilisema hivyo mbele yangu na mbele ya majirani. Alikuwa akilisema kila siku, kwa kila mtu, mpaka alipofariki. Mungu amrehemu. Sijui kama mimi ningeweza hata mara moja.

Wiki iliyopita nilipata nafasi ya kujua. Jirani yangu alibisha hodi na mtoto wake wa kike, wa siku chache, akaniomba nimtazame, kwa kuwa anajua kazi yangu na kituo ni mbali. Nilimchukua mpaka nje kwenye mwanga. Nikamkisia, nikambonyeza kifua, nikatazama macho na nyayo, nikauliza maswali matatu. Nilimuona mzima. Macho yangu bado mazuri, na nadhani mkono wangu bado unajua.

Kisha nikampigia simu Rukia. Alikuja akitokwa na jasho, mkoba begani, amesalimia haraka, na aliponiona nimempakata mtoto akasimama.

"Bibi, si ushamuona wewe?" akasema. Hakutaka kunigusia kazi yangu, niliiona heshima ile usoni mwake.

"Nshamuona," nikamwambia, nikamkabidhi mtoto. "Muone na wewe."